Mara ya Mwisho Mlimwona Mzima Saa Ngapi?

Nitaanza na ubaya wake, maana hata yeye asingependa nianze na sifa. Tabibu hakujua kusalimia. Mmefika kituo cha afya na mgonjwa wenu, mmembeba kwenye kitanda cha kamba, mdomo umekwenda upande, mkono mmoja unaning'inia, wanawake wanalia. Mtu mwingine angesema poleni, kaeni, imekuwaje. Yeye anamtazama mgonjwa, anatazama saa yake ya mkononi, anauliza, "Mara ya mwisho mlimwona mzima saa ngapi?"

Basi. Hakuna shikamoo, hakuna habari za huko mtokako. Huku kwetu Mpanda mtu akikuuliza jambo kabla ya salamu unajua amekuja kugombana. Wengi walimchukia kwa hilo. Siku ya kwanza kumwona nilikuwa juu ya tangi la kituo natengeneza koki, nikasikia mama mmoja anamjibu, "Kwanza tusalimie, sisi siyo kuku." Akasema, "Nitakusalimia mgonjwa akipona. Saa ngapi?"

Nilicheka mpaka spana ikanitoka. Nikampenda hapohapo.

Mimi ni fundi wa pampu. Shule niliishia darasa la tatu na sioni aibu kulisema. Nimechimba visima kwa mikono yangu kule Magamba, nikajifunza injini kwa kuzifungua na kuzifunga bila mwalimu, na leo nina mashine yangu ya kukoboa mpunga na nyumba mbili za bati. Naandika kama ninavyosema. Anayetaka lugha ya wasomi atafute wasomi.

Kwao Tabibu sijui. Wengine walisema Mfipa, wengine Mha, wengine walisema ni mtu wa Tabora aliyeshuka kwenye treni akakosa ya kurudia. Sikuuliza. Mtu aliyekaa Mpanda miaka mingi hivyo, akala vumbi letu na kuumwa malaria zetu, ni wa Mpanda.

Taabu ya swali lake ni kwamba saa aliyoitaka watu hawakuwa nayo. Sisi tunajua wakati, lakini siyo kwa mshale. Akiuliza, wanamjibu, "Wakati mbuzi wanafunguliwa." Daktari mwingine angekata tamaa. Tabibu anauliza, "Mbuzi wa wapi?"

"Wa kwetu, Magamba."

"Basi ni saa mbili na nusu, mnangoja umande ukauke. Mngekuwa watu wa Kasansa ningesema saa moja, wale mbuzi wao hutoka pamoja na ng'ombe."

Na hakukosea. Alikuwa amejifunza saa za vijiji vyote kama mimi nilivyojifunza milio ya injini. Mtu wa Ikola, kule ziwani, akisema mgonjwa ameanguka wakati wa kugeuza dagaa kwenye mchanga, anaulizwa, "Kugeuza kwa kwanza au kwa pili?" Aliwahi kwenda mpaka Ikola siku yake ya mapumziko, akakaa ufukweni asubuhi nzima kuangalia akina mama wanageuza dagaa, na saa mkononi. Wakadhani ni mtu wa kodi. Walimnyima hata maji ya kunywa.

Kitu kimoja tu alikikataa. Mtu akisema treni ilikuwa imepiga honi, Tabibu anatikisa kichwa. "Hiyo treni siyo saa. Treni ni hali ya hewa."

Kwa nini saa? Nilimuuliza mwenyewe. Sikubali kitu kwa sababu aliyekisema amevaa koti jeupe. Alikuja bustanini kwangu siku moja kununua mchicha, akanikuta namwagilia kwa pampu ya mafuta. Mpira ulikuwa umetoboka, maji yanaruka juu.

"Fundi, ukiona tundu kama hilo unafanya nini?"

"Napunguza moto wa injini. Maji yakipungua nguvu, tundu linatoa kidogo, napata nafasi ya kulifunga."

"Kwa nini usizime kabisa?"

"Nikizima, mboga za kule mwisho hazipati kitu. Jua hili! Tundu halitakuwa limeua bustani, nitakuwa nimeiua mimi."

Alikaa juu ya ndoo yangu akacheka peke yake. Akasema, "Nilisoma miaka mitatu kuambiwa hayo, wewe umeyapata kwa mchicha." Kisha akanieleza. Kuna kiharusi cha mshipa kuziba na kuna kiharusi cha mshipa kupasuka. Hiki cha kupasuka, damu inavuja ndani ya ubongo, inajikusanya donge. Ubaya wenyewe ni kwamba donge haliji likiwa limemaliza kukua.

"Bomba lako liko peke yake hewani," alisema. "Kichwani mshipa umezungukwa na vimishipa vidogo kama nywele. Damu inayotoka inawasukuma majirani, nao wanavutika, wanapasuka. Tundu linazaa tundu. Mtu anaingia mlangoni kwangu anaongea, anataja majina ya watoto wake. Baada ya saa moja hajui jina lake."

"Mpaka lini?"

"Hapo ndipo. Wengine linasimama lenyewe mapema. Wengine linakua saa ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka sita. Wachache hata kesho yake. Ndiyo maana sina muda wa habari za huko mtokako. Nikijua saa, najua nimeshika mpira unaoruka maji au mpira uliokwisha kukauka."

Nikamuuliza na presha. Akasema karibu wote wa namna hiyo huja presha ikiwa juu sana, halafu akanirudishia swali. Alipenda kurudisha maswali kama mtu anayecheza bao. "Niambie wewe fundi. Presha ndiyo inayosukuma damu itoke, au damu ikishajaa kichwani ndiyo inayopandisha presha?"

Swali hilo lilinila siku tatu. Mke wangu, mama Kulwa, aliniona naongea na geji, kile kipimo cha nguvu ya maji. Nilifunga geji kwenye bomba, nikabana mpira mbele yake, mshale ukapanda. Nikaachia nikafungua tundu, ukashuka. Nikafungua injini zaidi, tundu likapanuka. Nikaenda mpaka kituo cha afya na mikono yenye grisi, nikamwambia mbele ya wagonjwa wake, "Yote mawili yanawezekana."

"Ndilo jibu la wakubwa pia," akasema. "Ila wao wanalisema kwa kurasa nyingi."

Kitu ambacho watu hawakumsamehe ni neno sijui. Alilisema wazi, mgonjwa akisikia, ndugu wakisikia. Tabibu, atapona? Sijui. Mkono utarudi? Sijui, tutauona. Haji, mwenye duka la sokoni, alikuwa akimwambia, "Sasa wewe umesomea nini? Mimi sijasoma, nikiulizwa bei ya sukari naijua."

"Wewe sukari yako haibadiliki ukiwa umeishika."

Alinihadithia kwamba alipoanza kazi walifundishwa presha ya mgonjwa wa hivyo wasiiguse, ubongo unaihitaji. Baadaye vitabu vikasema ishushwe. Baadaye tena vikasema ishushwe mapema, lakini taratibu na bila kuyumba, maana ukiishusha kwa kishindo unaua upande ambao ulikuwa mzima. "Mkono wangu ni huuhuu," akasema, "kilichobadilika ni anayeniamuru." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetazama mto umehama.

Alipostaafu alihamia kwenye benchi la Haji kila Jumamosi, na mashine yake ya presha, ile ya kipira cha kubinya kwa mkono. Anapima bure. Haji alilalamika mchana kutwa. "Unanifukuzia watu. Mtu kaja kununua chumvi, unamwambia ana presha, anaondoka."

"Ndiyo nia yangu."

"Basi hamia kwenye duka la dawa, nao uwafukuzie!"

Lakini chai ya Tabibu ilitoka kwa Haji, na mkeka wa kukalia ulitoka kwa Haji. Sheria yake ilikuwa ukae kimya dakika tano kabla hajafunga mkanda. Anasema presha ya mtu anayeongea ni ya maneno yake, siyo ya kwake. Mimi dakika tano sijawahi kuzimaliza. Ya kwangu hajaipata mpaka leo.

Na huyohuyo anayewakataza watu chumvi, saa saba mchana anafungua bakuli lake la migebuka, samaki wa Ikola, ile iliyokaushwa kwa chumvi mpaka imekuwa nyeupe. Nilimshika mkono. "Tabibu, hii je?" Akasema, "Nyie nawakataza. Mimi nimeshajikataza nikashindwa." Akatafuna.

Alikuwa na pupa, na alikuwa na subira. Sijui niliseme vipi. Hakuweza kungoja ugali upoe, lakini alikuwa akikaa na mgonjwa masaa, kila baada ya robo saa anampa vidole viwili, "Finya. Tena. Na wa kushoto. Niangalie. Cheka." Anapima, anarekebisha matone ya dawa, anarudi kukaa. Nguvu ya kufinya ndiyo iliyokuwa geji yake.

Nitaje na hili la mganga, maana lilizungumzwa sana. Upande wa Magamba kulikuwa na mganga wa miti shamba anayepelekewa waliopooza. Wenzake Tabibu walimtukana mganga yule kutoka mbali. Tabibu alimwendea kwa baiskeli. Nilimsindikiza, nilitaka kuona.

"Wanaopinda mdomo wanakufikia saa ngapi baada ya kuanguka?" akamuuliza, bila hodi ya maana.

Mganga akanigeukia mimi. "Huyu mtu wako ana adabu?"

"Hana," nikasema. "Lakini mjibu."

Wakabishana mpaka jua likageuka. Mwisho wakakubaliana jambo ambalo sijasikia popote. Tabibu alimwambia, "Siku saba za kwanza nipe mimi. Zinazobaki chukua zote, mchue, mfukize, mwimbie. Hutapoteza mteja, atakuja akiwa hai." Mganga alifikiri, akasema siku tatu. Wakafunga kwa siku tano. Na mganga alitimiza, kuliko ndugu wengi wa wagonjwa.

Maana adui wa Tabibu hakuwa mganga. Alikuwa mwenye mji, yaani mkuu wa nyumba. Huku kwetu mgonjwa mkubwa hatolewi nyumbani mpaka mwenye mji aseme. Kama yuko shambani anafuatwa. Kama yuko safari anangojwa. Akitolewa bila neno lake, na likatokea baya, aliyemtoa atalibeba maisha yake yote. Tabibu aliwaambia watu kanisani, akawaambia msikitini, akawaambia kwenye mnada wa ng'ombe: mwenye mji atakuta taarifa, mgonjwa asimngoje. Watu walitikisa vichwa kukubali. Na mimi nilitikisa. Nilitikisa kuliko wote, maana mimi nilimwelewa. Mimi ndiye mtu wa geji.

Sasa ndiyo nafika.

Miaka mitatu iliyopita niliondoka alfajiri kwenda Kasansa kununua mpunga. Saa tatu asubuhi nikiwa nasimamia upakiaji, simu ikalia, mkamwana wangu. "Baba, mama ameanguka jikoni. Anasema maneno hayaeleweki. Mkono wa kulia hauinuki. Jirani ana bajaji hapa, tumpeleke kwa Tabibu?"

Nikasema, "Msimtoe mpaka nifike."

Sikufikiri. Neno lilitoka lenyewe, kama lilikuwa limekaa mdomoni miaka yote likingoja siku yake. Na nitasema na lingine, maana nikiandika nusu nitakuwa nimedanganya mara ya pili. Sikuondoka saa ile. Gari lilikuwa limefikia nusu ya magunia. Nikasimama mpaka likajaa. Halafu barabara ile ya kukatiza mbugani, unaijua, twiga wakivuka unangoja. Nilifika nyumbani karibu saa nane. Wamemlaza kwenye mkeka, kichwa juu ya mto, bajaji bado iko mlangoni. Dereva hakuwa ameondoka. Masaa yote hayo amekaa pale anangoja mdomo wangu.

Saa nane na nusu tuliingia kituo cha afya. Tabibu alikuwa kwenye miezi yake ya mwisho ya kazi. Akamtazama mama Kulwa, akatazama saa.

"Mara ya mwisho mlimwona mzima saa ngapi?"

"Saa nane," nikasema.

"Nane hii? Nusu saa?"

"Ndiyo."

Mkamwana wangu alinitazama, kisha akatazama sakafu. Mwenye mji ameshasema.

Mtu mwingine angeweza kujitetea kwamba hakujua maana ya swali. Mimi nilijua. Nilikuwa nimelijibu kwa geji na mikono yangu. Ndiyo maana nilidanganya. Sikuweza kusimama mbele ya mtu yule, kati ya watu wote, nikaonekana mjinga wa kawaida.

Tabibu alikimbia. Sijawahi kuona mzee anakimbia vile. Presha ilikuwa mia mbili na kumi kwa mia na ishirini. Akaweka dawa ya mshipani, tone kwa tone, akaishusha ndani ya saa moja mpaka mia na arobaini, hakuiacha ishuke zaidi. Finya. Tena. Niangalie. Akapanda naye gari la wagonjwa mpaka hospitali kubwa ya mkoa, kwenye picha ya kichwa. Donge lilikuwepo, jeupe, kama harage. Kesho yake wakapiga picha nyingine. Harage lilelile. Halijakua hata kidogo.

Akanijia kwenye korido akanishika mikono yote miwili. "Hongera, Fundi. Umewahi. Damu imesimama."

Ndiyo mara pekee aliyonipongeza.

Mama Kulwa aliishi. Mguu ulirudi, mkono wa kulia ulirudi nusu, maneno yanakuja lakini yanapita njia ndefu. Na Tabibu akapata hadithi. Kila mahali alipokwenda aliisimulia: mke wa Fundi alifika baada ya nusu saa tu, tukaishusha presha taratibu, donge halikuongezeka. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la Haji anaisimulia, mimi nakunywa chai na kutazama ndani ya kikombe.

Kilichonifunga mdomo ni kwamba hadithi ilifanya kazi. Watu wakaanza kuwahi. Mkonongo mmoja alimleta kaka yake kwa pikipiki bila kumngoja baba yao, akasema, "Kama yule mke wa Fundi." Nikajiambia, huu uongo unaponya watu, uache. Nililala nao hivyo miaka mitatu.

Mpaka mama wa dagaa.

Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, anatoka Ikola na magunia yake kila wiki, meza yake ilitazamana na duka la Haji. Jumamosi moja alikuwa anamtania Tabibu, "Wewe mzee, unapima presha za watu, yako nani anaipima? Njoo nikuoe nikupime," na katikati ya kicheko mdomo ukapinda. Tabibu hakuhitaji kuuliza saa. Aliiona. Haji alifunga duka, wakamtia kwenye bajaji, dakika kumi na tano wako kituoni. Vijana wa pale wakamwachia Tabibu awaelekeze. Dawa ileile, kushuka kulekule, mia na arobaini ndani ya saa moja. Mama wa dagaa alikuwa bado anasema, anauliza nani atafunika mzigo wake. Kisha akaacha kuuliza. Kisha vidole vikaacha kufinya. Picha ya hospitali ilionyesha donge kama ngumi. Alifariki kesho yake asubuhi.

Jumamosi iliyofuata Tabibu hakuja sokoni. Wala iliyofuata. Haji alinifuata mashineni. "Nenda kamwone mwenzako. Nimempelekea chai nyumbani, hakunibishia. Mtu yule asiponibishia ni mgonjwa."

Nilimkuta amekaa barazani, mashine ya presha imefungwa kwenye mfuko wa plastiki kwa kamba. Aliongea kabla sijakaa. "Fundi, nimekosea wapi? Mkeo nilimfanyia hivihivi. Wakati uleule, dawa ileile. Wako akasimama, huyu akaenda. Lazima kuna kitu nilikifanya kwa mkeo nikakisahau kwa huyu. Nimepita kila dakika. Sikioni."

Nikafungua mdomo. Nikamwambia apumzike. Nikaondoka. Hivyo ndivyo nilivyo jasiri.

Nyumbani nilimweleza mama Kulwa yote, mpaka magunia. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema neno moja, lilichukua muda kufika. "Twende."

Tulikwenda kesho yake asubuhi kwa bajaji. Tabibu alikuwa anamenya mihogo. Alimsogezea mke wangu kiti, mimi nikabaki nimesimama.

"Tabibu," nikasema, "ile saa nane ilikuwa uongo."

Kisu kikasimama. "Saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi. Walinipigia nikiwa Kasansa. Nikasema wasimtoe mpaka nifike. Nikamalizia kupakia gari kwanza."

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilitamani kutukanwa. Yeye alihesabu kwa vidole, midomo inacheza. "Masaa matano na nusu," akasema. Akarudia tena, na nikaona macho yake yanaamka, kama mtu aliyesikia mlio mpya kwenye injini anayoijua. "Matano na nusu! Basi mkeo alipofika kwangu huenda donge lilikuwa limeshasimama lenyewe. Mimi nilikuta mpira umekauka nikajisifu nimeziba tundu. Na yule mama alinijia tundu bado bichi kabisa. Siyo wagonjwa wa namna moja, Fundi! Nimekuwa nikiwapima kwa rula moja."

"Kwa hiyo hukukosea?"

"Sijui." Akatupa muhogo kwenye beseni. "Ila sasa kutojua kwangu ni kuzuri zaidi."

"Na mkono wake? Wangemleta saa ile ile, ungepona?"

"Unataka nikwambie ndiyo ili ulie, au hapana ili ulale?"

Nikainama nikaokota ganda la muhogo.

"Basi sikwambii. Sijui, na hilo utalibeba." Alisema bila hasira. Halafu akafuta mikono kwenye suruali, akageuza kigoda chake, akanipa mgongo. Akamtazama mke wangu. Miaka yote ile alikuwa akiwauliza waleta wagonjwa, maana wagonjwa wenyewe hawawezi kusema. Huyu sasa aliweza.

"Shemeji," akasema, "huyu ananiambia saa aliyopigiwa simu. Wewe niambie. Mara ya mwisho kujiona mzima, saa ngapi?"

Mama Kulwa alianza kusema akaacha. Akaanza tena. Tabibu hakumsaidia neno, alingoja.

"Siyo saa tatu," akasema. "Kabla. Giza lilikuwa... linatoka. Nakoroga uji wa safari yake. Mwiko ukanitoka mkononi. Nikauokota. Ukanitoka tena."

"Yeye alikuwa ameshaondoka?"

"Yuko hapo. Anafunga viatu."

"Saa kumi na moja hiyo," Tabibu alisema polepole. "Mbona hukumwambia mkono hauna nguvu?"

Mke wangu alinitazama. Hakuwa na ugomvi machoni, na hilo ndilo lililonimaliza. "Alishasema yeye."

"Alisema nini?"

Alijaribu, neno halikuja. Lilikwama, akapunga mkono wake wa kushoto kwangu, kwamba nimsaidie. Nami nikalikumbuka, lote, na mwiko unavyolia kwenye sementi mara mbili. Ningeweza kusema sikumbuki. Ni mimi na yeye tu tuliokuwepo, na yeye hawezi kulitamka.

Nikamwambia Tabibu. "Nilisema bila kuinua kichwa, 'Mama Kulwa, siku hizi umezeeka, hata mwiko huushiki.'"